Kimya cha Ubeti wa Pili

Wiki iliyopita mliniacha nje ya uzio wa duara la Kalisti, porini nje ya Masumbwe. Nilikuwa na mama yangu, tumeshika shuka jeupe la kumfungia maiti ambaye hatukupewa.

Kwa aliyechelewa: jina langu ni Limi. Ni mwimbaji, mzaliwa wa Tinde. Kaka yangu wa pekee, Maduhu, alikuwa mchimbaji wa dhahabu katika duara hilo, ndivyo tunavyoita shimo la machimbo. Asubuhi moja Kalisti, mwenye duara, alipiga simu. Alisema magogo yanayoshikilia kuta yameachia, ardhi imejifunga, Maduhu amekufa.

Nilikuwa natafuta viatu nikimbilie Masumbwe. Mume wangu Sostenes, prodyuza mwenye studio pale Nyahanga, Kahama, akanishika mkono.

“Kule hakuna cha kuona,” akaniambia. “Ingia studio. Imba sasa hivi, uchungu ungali wa moto. Mpe kaka yako wimbo.”

Nikaingia. Niliimba nalia. Kesho yake tulipofika machimboni walinzi walitugeuza, tukarudi Tinde tukazika shati lake na kofia.

Hapo ndipo tulipofika. Niliwaambia kwamba nilidhani nimemaliza kuumia. Mungu anisamehe kwa ujinga ule.

Wimbo tuliuita “Fungueni Mlango.” Katika ubeti wa pili namwita Maduhu kwa jina, nauliza: “Kaka, unanisikia?” Ile “a” ya mwisho naivuta mpaka pumzi inakatika. Halafu ngoma zinanyamaza, gita linanyamaza, kila kitu kinanyamaza. Baada ya kimya hicho ndipo kiitikio kinaingia: “Fungueni mlango, ndugu yangu yumo.”

Sostenes aliumiksi mwenyewe. Alipanga kila sauti mahali pake, ngoma nyuma, gita pembeni, mimi katikati. Siwezi kumnyima sifa yake, mkono wake ulikuwa mzuri. Mama aliposikiliza kwa mara ya kwanza alijifunika khanga usoni, akalia bila sauti.

Tatizo lilianza kwa Abel. Huyu ni kijana wetu wa Tinde anayekodisha spika za harusi na misiba. Tulimtaka apige wimbo siku ya kumbukumbu ya marehemu. Alipoujaribu, akakuna kichwa.

“Dada Limi, wimbo ni mzuri, ila umelala.”

“Umelala vipi?”

“Sikia.” Akapiga wimbo wa mtu mwingine, spika zikatetemeka. Kisha akapiga wangu. Ilikuwa kama mtu ametoka uwanjani akaingia chumbani na kufunga mlango. “Unaona? Nikipandisha sauti, besi linajaa, wewe unapotea. Huu haujafanyiwa mastaringi, ile kazi ya kumalizia wimbo. Mwambie shemeji aupeleke.”

Nilimwambia Sostenes jioni ile ile, nyumbani kwetu Nyahanga. Alikuwa anakula. Akasukuma sahani.

“Wimbo wa msiba hauhitaji kelele.”

“Lakini Abel anasema haufiki nje.”

“Ufike nje wapi? Ni wa familia. Piga hapo nyumbani kwenu, mlie, basi. Usiusambaze, Limi. Sitaki jina la lile duara lizungumzwe kila kona.”

Nilidhani ni wivu wa fundi asiyetaka kazi yake iguswe na mkono wa mwingine. Nikaunakili wimbo kwenye fleshi, nikapanda gari la Shinyanga mjini bila kumuaga.

Huko yuko mwanamke anaitwa Asteria. Kazi yake ni hiyo moja tu, kumalizia nyimbo. Kwaya zinampelekea, bendi zinampelekea. Chumba chake kimefunikwa magodoro ukutani, na spika zake ni mbili, ndogo, zinazomtazama usoni.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Umeleta wimbo mzima au vipande?”

“Mzima.”

“Vizuri. Basi elewa kitu kimoja, tusije tukagombana baadaye. Aliyemiksi alikuwa na kila sauti peke yake. Aliweza kupunguza gita akaacha ngoma. Mimi umeniletea mchuzi uliokwisha iva. Naweza kuupasha moto, naweza kuongeza chumvi. Nyanya siwezi kuitoa.”

“Sasa utafanya nini?”

“Ulivyo sasa, pale unapopaza, wimbo unagonga dari, na pale unaponong’ona, haufiki hata mlangoni. Nitazibana zile sehemu za juu zisipande tena. Halafu wimbo wote nitausukuma juu. Vilivyokuwa chini vitapanda.”

Akafanya kazi, mimi nimekaa nyuma yake. Alipunguza besi pale lilipokuwa linavimba, akaongeza mwanga kidogo kwenye sauti yangu, akabana, akasukuma. Kisha akanipigia ulivyokuwa na ulivyo.

Jamani. Ule wa kwanza nilikuwa naimba kutoka chumba cha pili. Huu wa sasa nilikuwa nimesimama mbele ya uso wangu mwenyewe. Ngoma ilikuwa na ngozi. Gita lilikuwa na vidole. Nilisikia mate yangu, nilisikia pumzi ninayovuta kabla ya kila mstari, nilisikia hata pete yangu ilivyogusa chuma cha maiki. Vyote hivyo vilikuwemo tangu mwanzo, na sikuwahi kuvisikia.

Asteria akasimamisha kwenye ule ubeti wa pili.

“Hapa kwenye kimya kuna kitu. Kama mnong’ono. Nikikate pawe kimya kitupu?”

Nikasikiliza. Kwenye zile spika zake ndogo ulikuwa mkwaruzo tu, kama nguo inayosugua ukuta.

“Ni mimi, nilikuwa nalia,” nikamjibu. “Usipaguse.”

“Nikipaacha, patapanda pamoja na vingine.”

“Papande.”

Neno hilo nililitamka mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Siku ya kumbukumbu, ua wetu wa Tinde ulijaa. Ndugu walitoka vijiji vyote, wachimbaji wenzake Maduhu walitoka Masumbwe. Mjane wake, wifi yangu Scolastika, alikaa mbele na wanawe. Sostenes alikaa na wanaume, amevaa koti jeusi. Hakujua nilikokwenda. Alidhani Abel atapiga ule wimbo uliolala.

Abel akaweka fleshi, akafungua spika mpaka mwisho.

Ubeti wa kwanza watu waliinamisha vichwa. Kiitikio, wanawake wakaanza kulia. Ukaja ubeti wa pili. Nikajisikia nikiita: “Kaka, unanisikiaaa?”

Ngoma zikakata. Ua mzima ukanyamaza.

Na ndani ya kimya kile, kutoka kwenye zile spika kubwa, sauti ya mwanamume ikajibu:

“Nagonga bado.”

Kiitikio kikaingia, lakini hakuna aliyekisikia. Mama alikuwa amekwisha simama. Alitembea mpaka kwenye spika, akaikumbatia, akaweka sikio.

“Maduhu? Baba? Mayu wako, mama yako, niko hapa! Sema tena!”

Mtu akapiga kelele: “Rudisha! Rudisha pale pale!”

Abel akarudisha. “Kaka, unanisikiaaa?” Kimya. “Nagonga bado.” Akarudisha tena. Na tena. Kila akirudisha, neno linazidi kuwa neno.

Scolastika akageuka, akanitazama. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu ninayempenda.

“Wifi,” akasema taratibu. “Mume wangu umemweka wapi?”

“Scola, mimi sijui hiyo ni nini…”

“Unamuuliza, anakujibu! Umemweka wapi?”

Nyuma, kwenye kundi la wachimbaji, mtu akalitamka lile neno. Ndagu.

Wa huku mnalijua. Kwa wa mbali niseme tu kwamba ni dawa ya utajiri, na watu huamini haifanyi kazi mpaka umtoe ndugu wa damu. Kule machimboni, mtu akitajirika ghafla huulizwa kwanza nani amekufa kwao. Na mimi mwimbaji nisiyejulikana nilikuwa nimefiwa na kaka, na sasa nina wimbo ambao marehemu anaongea ndani yake.

Kabla jua halijazama wimbo ulikuwa kwenye kila simu. Miaka nimelala na ndoto ya wimbo wangu kupigwa Kahama, Geita, Mwanza. Ukapigwa. Uliopigwa zaidi ni ule ubeti wa pili. Watu walikuwa wanaukata kipande kile peke yake na kutumiana, wameandika jina langu chini yake.

Nilipokwenda kisimani, wanawake walibeba ndoo zao zikiwa hazijajaa. Nilinunua vitumbua kwa mama ambaye nimenunua kwake tangu utotoni, akanirudishia pesa kwa kijiti. Watoto wa Maduhu, ambao nimewabeba mgongoni, waliambiwa wasiguse nilichogusa. Yule mdogo alisahau, akanikimbilia. Scolastika alimchapa mbele yangu.

Nikamsubiri mume wangu anitetee. Alikuwa ameketi na baba mdogo Boaz, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba alipofariki. Nikasikia kwa masikio yangu anavyosema:

“Mzee, mimi nilimkataza. Nilimwambia wimbo usitoke nyumbani. Akaenda nao kwa siri. Huko alikokwenda, alikutana na nani, aliwekewa nini, mimi sijui.”

Baba mdogo akatikisa kichwa. Akatangaza kikao cha ukoo. Nanyi mnajua, mwanamke akishaitwa mchawi mbele ya ukoo, hata akiachiwa siku hiyo, hana mahali pa kulalia tena.

Nikarudi kwa Asteria mbio. Sikumsalimia.

“Umeweka nini kwenye wimbo wangu?”

Alikuwa amekwisha usikia, kama kila mtu. Alikuwa na hofu pia, niliiona. Lakini alinivutia kiti.

“Kaa. Mastaringi haiweki kitu, Limi. Haina cha kuweka. Niliyoyapandisha uliniletea wewe.”

“Basi nionyeshe.”

Akafungua ule wimbo wa awali, ule nilioutoa Nyahanga, haujaguswa. Akaenda kwenye kimya. Akapandisha sauti mpaka spika zikaanza kuvuma. Na kule chini kabisa, chini ya mvumo, ile sauti ilikuwepo.

“Unaona? Kilikuwemo. Kwenye miksi kililala chini mno, sikio halikifikii. Mimi niliibana ile sauti yako kubwa. Ulipomaliza kuimba, kila kilichokuwa nyuma yake kikapanda kujaza nafasi. Nilikuuliza kama nikikate.”

“Uliniuliza.”

“Sasa tukisikilize vizuri.”

Akaondoa mvumo wa chini, akaondoa mlio wa juu, akabakiza pale sauti ya mtu inapokaa. Akapiga. “…nagonga bado.” Akarudisha nyuma kidogo zaidi, mpaka kwenye mkia wa sauti yangu. Akapunguza hapo. Akapiga tena. Akakunja uso.

“Wewe unamalizia na ‘a’ ndefu. ‘Unanisikiaaa.’ Na yeye anaanza kabla hujamaliza. ‘A’ yako imeimeza ya kwake.” Akanigeukia. “Hasemi ‘nagonga.’ Anasema ‘anagonga.’ Na sikia anavyoinua mwisho. Anauliza swali.”

Akapiga kwa mara nyingine.

“Anagonga bado?”

Nikashika meza. Sauti ile sikuhitaji kusafishiwa tena. Ndiyo inayoniamsha kila asubuhi. Ndiyo iliyoniambia niingie studio.

“Huyo ni mume wangu,” nikasema.

“Anaongea na nani?”

“Kwenye simu. Mlango wa chumba cha kuimbia haukuwa umewekwa bado, alitundika blanketi. Maiki imemdaka.” Nikasogeza kiti karibu na spika. “Asteria, nani anagonga? Endelea mbele. Anasema nini baada ya hapo?”

“Baada ya hapo kiitikio kinaingia, mnamfunika wewe na ngoma. Hapo siwezi kuwatenganisha. Ulipoimba, sauti yako ilirekodiwa peke yake, bila ngoma wala gita. Hiyo anayo aliyemiksi.”

Sostenes alikuwa Tinde, anapokea pole. Nikaenda Nyahanga. Ufunguo ninao, nyumba ni yangu pia. Nikawasha kompyuta, nikafungua kazi ile, nikazima ngoma, nikazima gita, nikazima kinanda. Nikabaki mimi na maiki na chumba. Nikavaa hedifoni.

Nikajisikia nikiita. Nikasikia kwikwi yangu. Kisha nyuma ya blanketi, mume wangu, sauti ya chini, sauti ya mtu anayejadili bei ya saruji:

“Anagonga bado? … Acheni agonge. Msichimbe, Kalisti. Mkichimba watajaa watu, serikali itafunga eneo, na ndiyo kwanza tumeyafikia mawe yenyewe ya dhahabu. … Hapana, huyu ninaye hapa, anaimba. … Atachoka.”

Na juu ya maneno hayo, mpaka kwenye lile “atachoka,” nikajisikia nikiimba kwa nguvu zangu zote: “Fungueni mlango, ndugu yangu yumo.”

Nikavua hedifoni.

Maduhu alikuwa hai. Nilipokuwa naimba kifo chake, Maduhu alikuwa hai chini ya ardhi anagonga mwamba, na mimi nilikuwa nimefunga macho natafuta noti za wimbo.

Nikainakili sauti ile kwenye fleshi, nikaifunga ndani ya pindo la kilemba. Nilikuwa bado nimeinama pale nilipomsikia Sostenes mlangoni.

“Umefungua kompyuta yangu.”

Alikuwa amesimama na lile koti jeusi. Hakupaza sauti. Akavuta kiti, akakaa kati yangu na mlango.

“Alikuwa hai,” nikasema.

“Alikuwa hai kama aliyekwisha kufa. Ungemtoa na nini? Kijiko?”

“Walikuwa wanamsikia akigonga!”

“Walimsikia. Halafu wakaacha kumsikia.” Akafuta vumbi kwenye goti. “Nina hisa kwa Kalisti, Limi. Hujui. Nimeweka kila nilichonacho kwenye lile shimo. Umekaa miaka unalalamika nyumba haina dari. Nilikuwa nakutafutia dari.”

“Kwa nini uliniweka studio? Kwa nini hukuniacha tu?”

“Ungekwenda. Mngefika wewe na mama yako, mngepiga mayowe, wangekuja watu wenye sururu kutoka maduara yote.” Alinitazama karibu kwa huruma. “Na uliimba vizuri siku ile. Hujawahi kuimba vile.”

Kisha akanyanyuka, akanipita, akaishika kompyuta. Mbele ya macho yangu akaifuta kazi ile yote. Sauti yangu, ngoma, gita. Akasubiri mpaka ikaisha.

“Haya. Sasa nenda kawaambie. Waambie Sostenes alisema hivi na hivi. Wao wamemsikia Maduhu kwa masikio yao akisema anagonga. Utawabadilishia masikio?”

Mkono ulikuwa unataka kwenda kwenye kilemba, nikaukataza. Akatoka kwenda kunawa. Nami nikatoka nikapanda gari la kwanza. Nilipitiliza Tinde bila kushuka, mpaka Shinyanga mjini. Asteria aliisafisha sauti ile, akaipandisha. Alipomaliza hakuna neno lililokuwa limejificha tena. Hata “atachoka” ilisimama peke yake.

“Hii peleka polisi,” akaniambia.

“Nitaipeleka. Lakini nikienda polisi kwanza, ukoo utasema nimekimbia kikao. Nikisharudi sitamkuta mama yangu upande wangu.”

Siku ya kikao waliketi uani. Baba mdogo Boaz kwenye kiti, Scolastika kwenye mkeka, wachimbaji wamesimama kwenye ua wa minyaa. Spika za Abel zilikuwa zimewekwa mbele, kwa kuwa wimbo ndio uliokuwa ushahidi. Mama aliketi karibu nazo. Alikuwa hajaondoka pale tangu siku ile. Watu walisema hata chakula anakula pale pale, anaisubiri spika iseme.

Sostenes akasimama, akaeleza. Alilia. Alisema ananipenda, na kwamba yupo tayari kunirudisha kwetu kwa amani, bila ugomvi. Wanawake walimhurumia.

“Binti,” baba mdogo akasema, “una neno?”

“Sina neno, baba mdogo. Nina hii.”

Nikatoa fleshi.

Uso wa Sostenes ukabadilika. Nilikaa na mwanamume yule miaka mingi, sijapata kuiona hofu yake. Niliiona. Akainuka nusu, akatazama walipo wachimbaji. Wale wote walikuwa marafiki wa Maduhu, na lango lilikuwa nyuma yao.

Nikampa Abel. Akachomeka. Akafungua sauti. Spika zikaanza kuvuma. Nikamwambia aniachie, kitufe nitabonyeza mwenyewe.

Ndipo mama akaongea.

“Limi. Ngoja kwanza.”

“Mama, subiri usikie, utajua kwamba mimi…”

“Najua kwamba si wewe. Nimekuzaa, nakujua.” Alisema taratibu, watu wakasogea ili wamsikie. “Nataka nikuulize kitu kimoja. Siku ile tuliyogeuzwa, Kalisti alinivuta pembeni. Aliniapia. Alisema mwanangu hakujua hata kilichompiga. Lilikuwa jiwe moja, papo hapo. Alisema ni kama mtu aliyezimiwa taa.”

Mama akaendelea.

“Tangu siku hiyo nimeshikilia hilo, binti yangu. Wakisema ananiita kwenye spika, mimi najiambia, hata kama ananiita, hakuteseka. Ndiyo maana nakunywa uji. Ndiyo maana nalala.” Akaitazama ile fleshi. “Hicho ulicholeta, kitaniachia hilo? Au kitaniondolea?”

Nikamtazama mama. Shingo yake ilikuwa imekonda mpaka mishipa ilikuwa inahesabika. Nikatafuta uongo, sikuupata, na yeye aliniona ninavyoutafuta.

Sostenes aliona pia.

Akakaa tena kwenye kiti chake. Taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana muda. Hofu yote ikamtoka usoni. Akaunyoosha mguu, akaniambia kwa sauti ya upole, ile ile ya asubuhi zote:

“Washa basi, mke wangu. Washa, mama asikie.”

Baba mdogo Boaz akagonga fimbo chini. “Binti, unawasha au huwashi? Ukoo hauwezi kukaa hapa mpaka usiku. Kama huna cha kuonyesha, tutatoa uamuzi.”

Scolastika akainuka kwenye mkeka. Wachimbaji wakasogea hatua moja ndani.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikiwasha, nimepona mimi, na mama atamsikia mwanawe akigonga kila siku mpaka afe. Nisipowasha, mama atakunywa uji wake kwa amani, na mimi sijui kama nitatoka kwenye ua ule kwa miguu yangu.

“Mama,” nikasema. “Niambie nifanye nini.”

Alijikokota kwenye mavumbi mpaka akanifikia. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya wangu, kiganja chake chote juu ya kidole changu. Kilikuwa cha moto kama cha mwenye homa. Nilimtazama machoni nijue ananizuia au ananisukuma, lakini alikuwa ameyafumba.

Kisha kile kiganja kikaanza kukandamiza.